Jiwe la Nne la Faiza

“Jiwe la kazi yangu si la kupikia, Nyanya,” Faiza aliniambia mara ya tatu, na mimi mara ya tatu nikamjibu kwamba jiwe likikaa uani kwangu asubuhi nzima bila shughuli, basi linatafuta kazi.

Nilikuwa na sababu yangu. Figa langu moja lilikuwa limepasuka jana yake, na unga wa mahamri ulikuwa umeshaumuka. Pale kando ya ukuta mjukuu wangu alikuwa ameanika mawe saba juu ya mkeka yapate kukauka. La nne lilikuwa jeusi, bapa, limetulia kama bi arusi. Nikaliweka pamoja na mafiga mawili yaliyobaki, nikabandika karai, nikakaanga.

Sasa ubaya ni kwamba saa sita Bwana Hillary Mwandawiro, mkubwa wake wa kazi, angekuja kuyachukua yote saba yapelekwe Nairobi kupimwa. Miezi mitatu ya majaribio ya Faiza ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo. Jiwe moja likiharibika, huenda mkataba usiandikwe.

Huyu Faiza ni binti wa mwanangu Rashid, mwenye duka la vitambaa hapa Kaloleni. Alizaliwa kiganja kimefumba, na mkunga alipokifumbua akakuta changarawe tatu. Mkunga ameshafariki, kwa hivyo hakuna wa kunipinga. Akiwa shule, sare zake zilichanika mifuko kwa uzito wa mawe, hata mamake akamshonea mifuko ya gunia. Alipokuwa msichana mkubwa, ami yake alimletea mchumba kutoka Mwatate, kijana mzuri, meno yote yapo. Faiza akamuuliza kama anajua mlima wa Sagalla una umri gani. Kijana akasema yeye si mwenyeji wa huko. Chai haikumalizika. Faiza akaenda zake kusomea mawe, akarudi na nyundo na viatu kama vya askari, na jua limemchoma akawa rangi ya kahawa.

Siku hizi anashinda kwenye makorongo, ukipita Maungu kuelekea Taru. Alinieleza mambo yake tukichambua mchele. Kwamba zamani, kabla hata ya mimi, pale palikuwa bonde la maji. Matope yakatua chini, yakazika majani na vidudu, yakalaliwa na matope mengine hadi yote yakawa mawe. Kilichozikwa huko kinaweza kugeuka mafuta. Mahali pengine mafuta hutoroka yakajikusanya. Lakini haya wanayoyatafuta yeye na Bwana Hillary, kama yapo, yamebanwa ndani ya jiwe lenyewe, kama tui ndani ya nazi isiyokunwa. Basi kazi yake ni kuliuliza kila jiwe: ulizikwa na chakula cha kutosha? Na huko chini ulipikwa kiasi gani? Jiwe bichi halijatoa kitu, lililoungua limeshamaliza, linalotakiwa ni lililoiva sawasawa. Nairobi hulisaga, wakalitia moto kidogo kidogo, wakapima kinachotoka.

“Basi mimi nimewapunguzia kazi,” nikamwambia. “Moto nimeshalitia.”

Hakucheka. Akalitoa jiwe kwa koleo na kulitazama lilivyopasuka, akaketi chini pale pale na buibui lake.

Na kweli jiwe lile lilikuwa na vituko. Hamri la kumi halijaiva, likaanza kutoa moshi mwembamba wa buluu unaonuka mafuta ya taa. Moshi ulipanda mpaka Sagalla, na watu wa kule, kwa shida yao ya maji, wakatoka na ndoo wakidhani ni wingu. Paka wa jirani yetu Janet alionja hamri moja akahamia Mwatate.

Kwa kuwa kosa lilikuwa langu, nikatafuta dawa. Nikamwambia aokote jiwe lolote jeusi kule kwenye reli, aliandike nne, nani atajua.

“Nyanya, jiwe lisilojulikana limetoka wapi ni uongo wenye uzito,” akasema. “Watu watakuja kuchimba kwa sababu ya uongo huo.”

Nikajitolea kuapa mbele ya Bwana Hillary kwamba ndovu wa Tsavo alipita uani, akaliramba jiwe, akaondoka nalo mdomoni. Hapo alicheka, tena alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akachukua daftari. Akataka nimwambie moshi ulianza lini, rangi yake, harufu yake, jiwe lilipasuka mara ngapi. Nikamjibu bila kuongeza hata chumvi, na mnajua hilo linanigharimu nini. Yote akayaandika. Akasema kupimwa haliwezi tena, limeshapikwa, tena limenywa mafuta ya mahamri. Lakini mahali alipolitoa ametia alama ya rangi nyekundu, na wakimruhusu atarudi leo hii kwa bodaboda ya Mulinge akatoe jingine kwenye tabaka lile lile.

“Na wasipokuruhusu?”

“Nitakaa hapa nikaange mahamri na wewe.”

“Wewe? Wewe unaunguza hata maji.”

Akasimama, akajipangusa vumbi, akaligeukia karai kana kwamba ndilo lenye kuandika mikataba. Nikamwambia ainue kidevu. Akainua.

“Bwana Hillary,” akaliambia karai, “sitakuficha. Jiwe la nne limepikiwa mahamri na nyanya yangu, na nimeandika kila kitu, na kama utanipa mpaka jioni—”

“Hodi,” ikasema sauti mlangoni, na Bwana Hillary akaingia uani, kofia mkononi. Akautazama mkeka wenye mawe sita. Faiza akaliinua daftari lake, naye Bwana Hillary akaigeuza pua yake taratibu kuelekea jikoni.