Mwezi Ulikuwaje Jana?

Pantoni ilikuwa katikati ya Malagarasi, injini ikikohoa na mto ukitupita na rangi yake ya chai ya maziwa, wakati bwana mmoja mwenye kuku wawili kwapani aliponisogezea simu usoni.

"Ona wenzetu hao," akasema. "Sisi tumefungiwa ziwa, wao wanakula raha."

Ilikuwa video. Mitumbwi kama tisa juu ya maji meusi, kila mmoja na taa zake, na wanaume vifua wazi wakivuta wavu uliojaa dagaa mpaka unameremeta kama bati jipya. Mtu mmoja alikuwa akipiga kelele pembeni: "Usiku wa kuamkia leo, upande wa Burundi! Wao wanavua, Watanzania tumelala!"

Habari ya kufungwa kwa ziwa nilikuwa nayo. Kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, nyavu hukaa nchi kavu miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Jioni iliyotangulia, kule Ujiji, nilikuwa nimewasikia wavuvi wakilalamika kibarazani. Baadaye nilirudi chumbani kwangu bila tochi, kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu na ungeweza kusoma bei zilizoandikwa kwenye milango ya maduka. Basi nikakasirika kwa niaba yao, hasira ile rahisi ya mpita njia. Nilimwomba bwana wa kuku anirushie video, na kabla pantoni haijagusa ng'ambo nilikuwa nimeshaituma kwa rafiki yangu wa Bujumbura, na maneno makali ya Kifaransa chini yake.

Ilagala sikuwa naijua. Nilitaka kulala usiku mmoja, kisha nirudi Kigoma kwa maji ili niuone mdomo wa mto. Niliposhuka nikamwuliza mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu mahali pa kupata chakula.

"Karibu, mgeni," akanijibu, akinipa mkono. "Naitwa Marehemu."

Nikadhani Kiswahili changu kimenitoroka.

"Marehemu Bonifasi," akarudia kwa fahari. "Uliza yeyote hapa. Twende kwa shemeji yangu, yeye ndiye aliyeniua."

Shemeji yake, Honorata, alikuwa uani amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya wanawake waliokuwa wakichambua chikichi kutoka kwenye mikungu. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono minene, na miwani ambayo bawa lake moja lilikatika zamani. Mahali pake pamefungwa uzi wa nyavu unaozunguka sikio. Ziwa likiwa wazi, yeye na wenzake kumi na mmoja hukausha dagaa kwenye vichanja vya waya, maana aliwakataza kabisa kuanika mchangani. Ziwa likifungwa wanakamua mawese. Shule aliishia darasa la saba.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kaa. Umekuja na habari gani?"

Lilikuwa swali la kawaida la kumkaribisha mgeni, lakini wanawake wote waliacha kuchambua wakanitazama. Nikasema nimesikia Burundi wanavua.

"Nani alikuwepo?" akauliza Honorata.

"Nimeona kwenye video."

"Sikukuuliza umeona wapi. Nimekuuliza, nani alikuwepo?"

Wanawake wakacheka, na mmoja akanipa sahani ya ugali kana kwamba ananipa pole. Bonifasi akakaa karibu nami. "Usijali, mgeni. Hapa hata mvua ikinyesha lazima uje na shahidi. Ngoja nikueleze jinsi nilivyokufa."

Miaka michache nyuma, akasema, ilipita picha kwenye simu: mtumbwi umepinduka karibu na Kalemie, ng'ambo ya Kongo, ubavu wake una mstari wa buluu. Chini yake iliandikwa kwamba wote wamezama. Bonifasi alikuwa safarini Kalemie, na mtumbwi wake ulikuwa na mstari wa buluu.

"Mitumbwi yenye mstari wa buluu ziwa hili ni mingi kuliko michikichi," akasema. "Lakini huyu shemeji akapiga yowe."

"Nilipiga," Honorata akakiri. "Tena niliituma ile picha kwa ukoo mzima, mpaka Kidahwe, mpaka Kalinzi. Watu wakashuka milimani na mikungu ya ndizi. Matanga yakaanza."

"Siku ya tatu nikashuka pantoni na mzigo wangu wa vitenge. Naona watu wengi kwetu. Nikauliza, amekufa nani? Mtoto akanikimbia. Nikaingia, nikakuta wali. Njaa ilikuwa inaniuma, nikala."

"Alikula wali wa msiba wake sahani mbili!" akasema mwanamke mmoja.

"Tatu. Na nilihesabu waliokuwa wanalia. Walikuwa wachache sana, mgeni. Mpaka leo sijawasamehe."

Uwanja mzima ulikuwa unacheka, Honorata naye akicheka, lakini alivua miwani akaifuta kwa kanga. "Mama yake huyu alizimia siku ile," akaniambia kwa sauti ya chini. "Angekufa kweli, ingekuwa kwa kidole changu hiki. Watu huniuliza nimesomea semina gani. Semina yangu ni ule msiba."

Tangu hapo kuna darasa uani kwake, ingawa hakuna anayeliita darasa. Watu wanachambua chikichi au wanageuza dagaa, na yeyote mwenye habari ya kwenye simu anaitoa mbele ya wote, nao wanaichambua pamoja na kazi. Dawa ya kisukari inayotokana na majani fulani. Ajira ng'ambo kwa wasichana. Tangazo kwamba Warundi wote waliowahi kupita kambi za wakimbizi wanaitwa upya. Nyingine huonekana ni za kweli, na Honorata husema hivyo hivyo: hii ni ya kweli, ipelekeni. Bonifasi ndiye msaidizi wake, maana ana jibu ambalo hakuna anayeweza kulipinga. Mtu akishikilia kwamba jambo ni kweli kwa kuwa lina picha, yeye huvua kofia na kusema, "Mimi nilikuwa na picha."

Hapo ndipo akaingia Dismasi.

Dismasi ni nahodha, kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, na mtumbwi anaouendesha ni wa ubia kati yake na Bonifasi. Dagaa wote wanaokaushwa na wanawake wale hutoka katika mtumbwi huo mmoja. Alisimama langoni, simu mkononi.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kuaga kwa heshima. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunasukuma mtumbwi. Mitumbwi mingine minne iko nasi."

"Mnakwenda wapi?"

"Kuvua samaki wa mchana. Warundi wanavua." Akainua simu. Nilitambua kelele ile hata kabla sijaiona picha.

Bonifasi alivua kofia yake taratibu. Kila mtu pale alijua doria ikikamata mtumbwi wakati wa kufungwa, haurudi, na nyavu zake huchomwa. Bila mtumbwi ule, wanawake kumi na wawili hawana cha kukausha ziwa likifunguliwa. Tena kesho yake hiyo hiyo Honorata alikuwa na safari. Wakaushaji wa dagaa kutoka nchi nne walikuwa wakutane Rumonge, ng'ambo ya Burundi, na wa mwambao huu walikuwa wamemchagua yeye akaeleze namna wanavyolipumzisha ziwa.

"Dismasi, mwanangu," akasema. "Nikasimame Rumonge nikawaambie wenzangu walinde ziwa, huku mtumbwi wetu umefungwa mnyororo kituoni? Nitawatazama kwa uso upi?"

"Hao wenzako ndio wanaotuibia, mama! Unakwenda kunywa soda na wezi!"

Nilitegemea amfokee. Badala yake alisogea kwenye ndoo yake, akampa nafasi. "Kaa hapa. Mimi ni mtu wa nchi kavu, sijui kuvua. Wewe nahodha. Nieleze hii video, pole pole, kama unamfundisha huyu mgeni."

Dismasi alisitasita, lakini kuitwa nahodha mbele ya watu si jambo dogo. Akakaa. Akaanza kueleza kwa kiburi kidogo: huyu wa mbele ndiye mvuta kamba, hawa wawili wanashika wavu, taa zinawekwa hivi ili dagaa wapande juu.

"Na anga?" akauliza Honorata.

"Anga gani?"

"Hiyo nyuma ya taa."

"Nyeusi. Giza lazima liwe giza, mama, la sivyo dagaa hawafuati ta..."

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Jana mwezi ulikuwaje?" akauliza Honorata.

Kila mtu pale alijua kwamba kwenye mbalamwezi wavuvi wa dagaa hukaa nyumbani, hata ziwa likiwa wazi, maana taa haina kazi mbele ya mwezi. Bwana wa kuku alijua. Mimi nilitembea chini ya mwezi ule Ujiji nzima, nikasoma bei za sukari kwa mwanga wake, kisha asubuhi nikaamini.

"Mliangalia samaki," akasema Bonifasi. "Na mimi vilevile ningeangalia samaki."

Dismasi alirudisha video mwanzo. Safari hii aliitazama kama fundi anavyotazama injini ya mwenzake. "Halafu hizi taa," akasema, "ni karabai za mafuta. Nani anavua kwa karabai siku hizi? Sisi wote tuna taa za sola. Hii ni ya zamani, mimi nikiwa bado shule." Akaisimamisha video. "Lakini bado sijui ni ya wapi. Inawezekana leo wanavua, hata kama hii ni ya zamani."

"Sasa umesema neno," akajibu Honorata. "Tumwulize aliyeko."

Akampigia Astérie. Huyu aliwahi kuishi kambini upande wa Kasulu miaka mingi, akajifunza biashara ya dagaa hapa mwambaoni, kisha akarudi kwao Rumonge. Honorata aliweka sauti kubwa.

"Amahoro, Astérie!"

"Amahoro gani! Honorata, nilikuwa nataka kukupigia nikutukane! Unakuja kwetu kesho kutufundisha, na ninyi mnavua!"

"Sisi?"

"Ego, ninyi! Tumeona video tangu juzi. Mitumbwi tisa, taa, dagaa kibao. Mtu anapiga kelele kwa Kirundi: upande wa Tanzania, usiku wa leo! Wanaume wa hapa wameshapanga kutoka na mitumbwi."

Kwa dakika nzima uani palikuwa na kelele tu, wanawake wakipiga makofi na Astérie akiuliza kuna nini huko. Video moja, imevishwa lugha mbili, inazitukanisha pwani mbili. Na Rumonge waliipata juzi, siku moja kabla ya usiku ambao hii ya huku inadai ilipigwa.

"Astérie," akasema Honorata akifuta machozi ya kicheko, "waite manahodha wenu. Waulize jana na juzi mwezi ulikuwaje. Halafu waambie waangalie taa."

"Nani ataeleza? Mimi hawanisikilizi."

Honorata akamgeukia Dismasi, akampa simu, na kule Astérie akawaita manahodha wao.

Nilikuwa na bahati ya kuelewa Kirundi na Kiha pia, maana mazungumzo yaliyofuata yalikuwa mchanganyiko wa vyote na Kiswahili cha ziwani. Kwa nusu saa manahodha wa pwani mbili walitaniana juu ya karabai, nani alizitumia mwisho, na nani alichelewa kununua taa za sola. Mmoja wa Rumonge alisema wavu ule anaujua, ulikuwa wa marehemu babu yake. Bonifasi akadakia, "Marehemu wa kweli au kama mimi?"

Nami nikatoa simu yangu pembeni nikamwandikia rafiki wa Bujumbura. Kuomba radhi kwa Kifaransa kulichukua maneno mengi kuliko kutukana.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri mtumbwi ulisukumwa majini, saa ile ile Dismasi aliyoipanga. Nyavu zilibaki juu ya mchanga, zimefunikwa turubai. Dismasi alikuwa amejitolea kumfikisha Honorata Kigoma mwenyewe, apate chombo cha kuvuka Burundi. Ile mitumbwi mingine minne haikutikisika.

Nami nilikuwa niondoke nao. Lakini Honorata alifika ufukweni na vichanja viwili vya kukunja, kazi ya mikono ya Bonifasi, vya kuwaonyesha wenzake. Vilipopakiwa, nafasi yangu ikawa haipo.

"Mgeni, utatusamehe," akasema akiingia na viatu mkononi. "Wewe unaweza kwenda Kigoma siku yoyote. Vichanja vina mkutano."

"Kuna mtumbwi mwingine lini?"

"Siku tatu," akasema Bonifasi, akinishika bega kwa furaha isiyo na aibu. "Na kuna chikichi za kuchambua."

Injini ikawaka. Kupakia kulikuwa kumechukua muda mpaka jua likawa linachomoza nyuma yetu, na mwezi, ulioanza kumegeka upande, ulikuwa bado juu ya milima ya Kongo. Niliinua simu nikapiga picha: mtumbwi, vichanja vimesimama kama mabawa, Honorata ameketi mbele ameishika miwani isipeperuke.

Akaniona.

"Wewe!" akapaza sauti juu ya injini. "Usije ukaituma ikaonekana tunakwenda kuvua! Andika tarehe! Andika na mwezi ulivyo!"

"Na uandike nani alikuwepo!" Dismasi akaongeza kutoka nyuma, akicheka.

Mtumbwi ukageuza pua kaskazini. Niliandika kama nilivyoagizwa. Bonifasi akaja akasoma juu ya bega langu, herufi kwa herufi, kisha akaniomba nipige nyingine, yeye akiwa amesimama kando ya nyavu, kofia mkononi.

"Hiyo," akasema, "itume mpaka Kalinzi. Kuna watu kule hawajaamini bado."