Shingo Ngumu ya Kapiteni Bahati

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya kambi, hapa Bukavu, Daktari Mkuu alinikabidhi kitanda cha mbao, chupa ya mafuta ya kuchulia na onyo. Mimi ni kine, mtaalamu wa kunyoosha viungo kwa mikono na mazoezi.

"Maman, hapa utatunza magoti na migongo," aliniambia. "Bapilote habagonjwake."

Kumbe marubani hao walikuwa wanaugua kuliko wote! Waliingia kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wameshika shingo, na kila mmoja alinipa hadithi ileile: amelalia mto mbaya. Kikosi kizima cha helikopta, mito mibaya! Rubani wa helikopta hukaa ameinama, mikono na miguu yote kazini, kiti kikimtikisa tangu kuruka hadi kutua. Kichwani ana kofia nzito, na mbele yake hufungwa miwani ya kuonea gizani. Ili kofia isimwangukie usoni, kisogoni hufungwa uzito mwingine wa kusawazisha. Mzigo wote huo unabebwa na shingo. Nikiwaeleza, jibu lilikuwa moja: "Usiandike, maman. Ukiandika, batanikataza kuruka."

Kapiteni Bahati, aliyepeleka chakula Shabunda na kurudi na majeruhi, alikuja akiwa amekakamaa kama kabati. Nilimwambia ageuze kichwa kushoto. Aligeuza mabega, akageuza kiuno, kichwa kikabaki palepale.

"Na huko juu, kushoto unaangaliaka na nini?"

"Namuulizaka fundi mwenye tunarukaka naye. Yeye ananiambia kama iko muzuri."

Nilikasirika hadi nikafunga chupa ya mafuta. Nikamwambia ninaandika, atake asitake: apumzike wiki mbili, afanye mazoezi, kisha arudi angani. Kuruka kulikuwa maisha yake, kwa hiyo alinisihi sana. Mwishowe akasema, "Sawa, maman. Ninakuamini."

Fomu zilikuwa zimekwisha, kama kawaida. Nikampigia simu katibu wa Koloneli, mkuu wa kikosi. Akauliza, "Kapiteni iko na nini?"

"Iko na shingo ngumu."

"Ah, ile tunaijua!" akasema, akakata simu kabla sijafika kwenye mapumziko. Nikadhani ameelewa. Yeye akaandika kwa Kifaransa, kama ofisi ilivyotaka: têtu. Mkaidi! Najua, hata katika Biblia wenye shingo ngumu ni wakaidi. Lakini aliyepiga simu alikuwa kine, si padri!

Koloneli hakupenda wakaidi. Badala ya mapumziko, alimwongezea Kapiteni safari ili anyooke. Bahati alidhani nimemchongea, akaruka kila safari aliyopewa. Siku ya nne, akitua Luhwindja, fundi alikuwa nyuma anafungua magunia na hakukuwa na wa kumwuliza. Panga la helikopta likagonga mkaratusi, upande wa kushoto. Hakufa mtu. Ila mshtuko ulimalizia shingo ya Bahati, na hakuruka tena kamwe.

Nilimpelekea Koloneli, mimi mwenyewe, daftari langu la wagonjwa, nilimoandika shingo ya Bahati na wiki zake mbili. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Maman, ungesema torticolis," akasema, akiitaja shingo iliyokakamaa kwa Kifaransa.

"Na katibu wako angeuliza shingo ya namna gani, Koloneli."

Tangu siku hiyo kila shingo iliandikwa kwenye fomu, kwa sahihi yangu, na fomu hazikuisha tena. Hata leo inaniuma. Kinywa kilichosema ni changu, na sikupiga simu mara ya pili kuhakikisha. Ninyi mnaoanza kazi hii, pigeni mara ya pili, hata wakiwaona wasumbufu.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Muhumba, na Kapiteni nasali naye parokia moja. Wakati wa kupeana amani, waliokaa nyuma yake humnyooshea mkono, naye hageuki kwa sababu hawaoni. Jumapili iliyopita maman mmoja akaninong'oneza kuhusu yeye: "Ule papa iko na shingo ngumu, hasalimiake watu."

"Ndiyo, iko nayo!" nikamjibu, kwa sauti iliyomfanya hata padri anitazame.

Kisha nikatoka kwenye benchi langu, nikaenda kusimama mbele ya Kapiteni, mahali anapoweza kuniona, nikampa mkono.