Kitanda Kilichozuia Mlango

Mtaa wetu mzima hapa Karatu ulifanyia utani usingizi wa Selestina, na mimi jirani yake, Mama Naomi, nilikuwa mstari wa mbele. Selestina alizaliwa kijijini Buger, na kwao wanasimulia kwamba usiku ule tembo walipotoka msituni kula mahindi ya baba yake, watu walipiga madebe na mayowe mpaka wanyama wakarudi, lakini Selestina aliamka asubuhi akauliza ni nani kavunja uzio. Alipopata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii, njia ya kwenda Ngorongoro, alishikwa na usingizi juu ya rundo la taulo. Wenzake wakamfunika taulo nyingine, wakaendelea kupiga pasi. Mumewe Julius, dereva wa wageni, alikuwa akisema ndoa yake haina ugomvi kwa sababu mke husinzia kabla hajafika penye hasira. Selestina mwenyewe alicheka pamoja nasi, mpaka alipopata mimba.

Siku hiyo alitoka kliniki akaja moja kwa moja jikoni kwangu, hakukaa.

"Mama Naomi, mimi nitamuua mtoto wangu."

"Hebu vuta kigoda kwanza. Utamuua na nini?"

"Na usingizi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kumbe kwenye foleni ya kupima uzito, mama mmoja alikuwa amewasimulia habari ya jirani yake aliyejifungua salama, akarudi nyumbani amechoka, akalala na kichanga ubavuni, na asubuhi kichanga hakuamka. Mkono wa mama ulikuwa juu ya uso wake. Selestina alinisimulia akiuangalia mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Nilimwambia wanawake wote wamelala na watoto wao tangu dunia iumbwe. Akaniitikia vizuri tu. Baada ya siku chache akaniita chumbani kwake akafunua blanketi. Alikuwa amelala na kifurushi cha unga pembeni, mahali ambapo mtoto angelala. Kifurushi kilikuwa kimepasuka, unga umesambaa shuka zima, na katikati pamebaki alama ya mgongo wake. Hakusikia chochote. Tulikung'uta lile shuka, na siku hiyo utani wangu ulinikauka mdomoni.

Alichotaka ni kitanda cha mtoto cha kuunga na kitanda cha mama, chenye upande mmoja wazi, ili mtoto awe karibu na mkono lakini asiwe chini ya mwili. Alikuwa ameviona hotelini, wageni wakivitumia. Tatizo ni kwamba kwetu sisi, awe Mchaga kama mimi au Mwiraqw kama yeye, mtoto ambaye hajafika hanunuliwi kitu. Ukimnunulia unamwita mkosi. Basi hofu yake ikakaa mle ndani pamoja na tumbo, vikakua vyote viwili.

Alijifungua mvulana, wakamwita Raphael. Julius alikuwa huko chini kwenye kreta ya Ngorongoro na wageni wake, simu haishiki, na mzazi mpya haruhusiwi kuzurura. Kwa hiyo nilikwenda mimi kwa Tluway, fundi seremala wa karibu na soko, simu nimeinyoosha mbele, Selestina akitazama kwenye video kutoka kitandani.

Tluway alikuwa na viwili. Cha kwanza kidogo, kizuri, kina magurudumu na fito pande zote nne. Kile kingeingia chumbani kwa Selestina bila matatizo. Cha pili kilikuwa kirefu na kizito. Alikitengeneza kwa oda ya hoteli, halafu wenye oda hawakurudi kukichukua. Upande mmoja kilikuwa wazi, kikiwa na mikanda ya kukifunga kwenye kitanda cha mama.

"Chukua hiki kidogo," nilimwambia. "Hicho kingine ni jumba."

"Mama Naomi, weka mkono kati ya fito."

Nikaweka.

"Unapita?"

"Unapita."

"Basi na kichwa kitapita. Halafu humo nitamwekaje bila kusimama? Nitasema ngoja kidogo nimnyonyeshe hapa hapa kwangu, na hapo hapo nitalala. Nataka hicho kikubwa. Kitikise tuone."

Nilikitikisa, fundi akakasirika, kitanda hakikulia hata kidogo. Alichagua hicho.

Kilipoletwa tukaona hesabu yake haikuhusisha ukubwa wa chumba. Kitanda chao kimebanwa ukutani, upande uliobaki ni wa mlangoni. Tulipokiunga na kukaza mikanda, kona yake ikatokeza kwenye fremu, na mlango, ambao hufungukia sebuleni, ukakataa kufungika. Ukabaki wazi upana wa kiganja. Kuingia ilibidi ujipenyeze kwa ubavu, na mimi Mungu hakuniumba kwa ajili ya kujipenyeza.

"Tumwite fundi akikate," nilisema.

"Kikikatwa kitalegea. Acha mlango uwe wazi."

Na kweli, mwanamke yule alianza kulala tena, mkono wake ukining'inia ukingoni na mtoto anapumua ng'ambo yake. Kwa muda mfupi nilidhani hofu imeisha.

Kisha akaja mama yake, Bi Brigita, kutoka Buger, na maharage, samli na hofu yake mwenyewe. Ulikuwa mwezi wa saba. Karatu mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka msituni asubuhi na mara nyingine unasahau kuondoka. Bi Brigita alitazama ule mlango, akamtazama mjukuu peke yake kwenye mbao, akashika kichwa.

"Mtoto analala kifuani kwa mama yake. Hiki ni kihori cha ndama."

"Aayo, niache," Selestina alisema. Ndivyo wanavyomwita mama kwao. "Unajua ninavyolala."

"Najua baridi inavyoua. Wewe unajua nini?"

Nilikuwepo, na sikujua niwe upande gani. Wote wawili walikuwa wanatetemeka kwa ajili ya mtoto yule yule. Bi Brigita akaanza kuwasha jiko la mkaa na kulisogeza pale mlangoni, joto liingie ndani. Nesi alishatukataza kliniki, kwamba hewa ya mkaa huua bila kunusika, nami nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba amelea watoto wake wote na moto ndani ya nyumba. Ni kweli, lakini nyumba yake ya Buger ina mianya kila mahali. Hii ya Julius ni ya tofali, dirisha la kioo, na bibi alikuwa amelisokomeza matambara pembeni lisipitishe upepo.

Basi siku moja mchana nikapika mtori wa ndizi, nikavuka ua na bakuli mkononi. Ukungu ulikuwa mzito, mbuzi wangu namsikia simwoni. Bi Brigita hakuwepo, alikuwa ametoka kwenda dukani. Sebuleni jiko halikuwepo mahali pake. Nikageuka kuelekea chumbani.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Nilisimama pale kama mjinga. Tangu kitanda kile kiingie sikuwahi kuona mlango ule umefungwa. Kisha bakuli likaanguka kabla kichwa hakijaelewa, nikauvuta mlango.

Joto lilinipiga usoni. Mikanda ilikuwa imefunguliwa, kitanda cha mtoto kimesukumwa hadi chini ya dirisha, tupu. Jiko lilikuwa katikati ya sakafu, mkaa mwekundu, hakuna moshi wowote. Selestina alikuwa chali, na Raphael kifuani pake, wamefunikwa vizuri kwa upendo, kama bibi anavyofunika, mpaka mabegani.

"Selestina!"

Kimya.

Nilimnyakua mtoto. Alikuwa laini mno, shingo haikushika. Nilikimbia naye mpaka uani, nikamvua blanketi kwenye ile baridi, nikampulizia usoni, nikamsugua mgongo, nikimwita Mungu kwa Kichaga na mtoto kwa Kiswahili. Sijawahi kuogopa vile, na nimezika wazazi wote wawili. Alikunja uso. Akavuta pumzi. Akalia kilio chembamba, kisha kilio cha kweli, majirani wakatoka.

Nikamwachia Dorkasi wa nyumba ya pili, nikarudi ndani. Nilimpiga Selestina makofi, nikamburuta kwa makwapa, na mle njiani nikapatwa na wazo ambalo mpaka leo linanikosesha raha: kama ningemkuta hivi bila mlango ule kufungwa, ningecheka, ningemfunika vizuri, ningemwachia mtori mezani. Nani kati yetu angeshtuka kwamba Selestina haamki?

Alifumbua macho uani, akatapika, akashika kichwa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimemlalia?"

"Hujamlalia. Anakusikia. Msikilize analia."

Bajaji iliwapeleka hospitali, wakawekewa hewa, wakalazwa, wakapona wote wawili. Bi Brigita alirudi na kifurushi cha sukari akatukuta tunaondoka. Hakuna aliyemwambia neno baya. Alikwenda mwenyewe akalitoa jiko, akalimwagia maji, akakaa kwenye kizingiti na ile sukari mapajani.

Waliporudi nyumbani walikuta kitanda kimefungwa mikanda mahali pake, na mlango haupo. Bi Brigita alikuwa amemwita Tluway akaung'oa na bawaba zake, akauegemeza nyuma ya banda la mbuzi wangu. Badala yake alitundika pazia la kitenge.

Siku hizi napita pale mchana, na nikikuta kimya siondoki wala siingii chumbani. Naita kupitia pazia, "Selestina!" Yule aliyelala tembo wakila shamba la baba yake huitikia mara ya kwanza tu, "Abee, Mama Naomi, tupo." Namuuliza na mtoto je. Najua kwanza anamwekea mkono kifuani asikie pumzi, kisha ananijibu.