Siku Kogo Alipokula Kwetu

Jirani yangu wa nyumba ya chini hapa Kericho ana mazoea ya kutengeneza kibuyu chake Jumamosi asubuhi. Anachoma kijiti cha mti wa senetwet kwenye jiko la makaa mpaka ncha iwe nyekundu, anakisugua ndani ya kibuyu atakamogandishia maziwa ya mursik, na ule moshi unapanda mpaka dirisha langu la jikoni bila kubisha hodi. Wapangaji wengine wanalalamika kwamba unawaingilia kwenye nguo walizoanika. Mimi zangu naziacha kambani. Moshi huo ukinikuta nakata vitunguu, kisu kinasimama chenyewe, na mara niko Litein tena, mtoto wa darasa la tatu, namtazama mama yangu akilia kwa sababu ya sabuni.

Ndiyo, sabuni. Ngojeni niwaeleze taratibu, msije mkamcheka mama wa watu kabla ya wakati.

Mama yangu ni Mkikuyu. Alikuja Litein akiwa msichana kumsaidia shangazi yake kuuza nguo, akakutana na baba, Mkipsigis mwenye shamba la majani chai huko juu kilimani, na hakurudi kwao tena. Walipooana, mama alifungua hoteli ndogo karibu na soko. Haikuwa na jina. Kila mtu aliiita kwa Mama Chebet, Chebet nikiwa mimi, na niliringa sana shuleni kwa ajili hiyo. Tuliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya soko, na baba alipanda kilimani kila asubuhi kuchuma majani na kurudi jioni.

Basi niwaambie hoteli hiyo ilivyokuwa. Kuta zilipakwa kijani chini na nyeupe juu, na pale kwenye nyeupe kulikuwa na alama za vichwa vya watu walioegemea wakishiba. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikawa na rangi ya udongo wetu, na mandazi yenye iliki, mandazi mazito ya kutafuna, si haya ya siku hizi ambayo ukiyauma unauma hewa. Saa sita ilikuwa ugali na sukumawiki, matumbo, maharagwe ya madondo yenye mchuzi mzito. Jumamosi mama alipika mukimo wa kwao, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja na majani ya maboga. Wachumaji majani walipouona mara ya kwanza, ule ukijani wake, walisema ni ugali ulioshikwa na malaria. Haikuchukua muda wakawa wanauagiza kabla hawajaketi. Mpaka leo mimi ni mtu wa hoteli ndogo. Nikifika Sigowet ama popote, naingia pale ambapo vijana wa boda boda wameegesha pikipiki nyingi, na sijawahi kujuta.

Lakini chakula cha hoteli hakikuvuka mlango wetu. Hata kibaki sufuria nzima, mama aligawia watu pale pale, akafunga, akaja nyumbani na kuwasha jiko upya. Alikuwa na msemo wake: cha hoteli ni cha watu, hiki ni chetu. Chetu kilikuwa kitu kidogo tu, githeri, yaani mahindi na maharagwe, iliyokaangwa na viazi, ama mboga za managu zilizolazwa kwenye maziwa, tukila tumeketi kwenye vigoda na mvua ikipiga mabati. Nimekula mahali pengi tangu hapo. Sijawahi kushiba vile tena.

Sasa mama yake baba, tuliyemwita Kogo kama watoto wote wa huko wanavyomwita nyanya, alikuwa anashuka Litein siku za soko. Alikuja na gamboti zake za mpira miguuni na leso mbili, moja ya kiunoni na moja ya mabegani, ameshika mwavuli ambao sikuwahi kuuona ukifunguliwa. Mama akimwona tu kwa mbali, alianza kuhangaika. Alifuta meza ya dirishani, akamtengea paja la kuku ama kile kipande cha nyama ambacho wateja walikuwa wamekitolea macho tangu asubuhi. Na Kogo alisalimia kila mtu, akaketi kwenye ncha ya benchi, akasema ameshiba, alikula nyumbani. Chai ilikaa mbele yake mpaka ikaota utando. Baadaye aliaga, akaenda zake.

Ilikuwa hivyo kila siku ya soko, mbele ya watu, na watu wana midomo. Walisema mama mkwe hali chakula cha Mkikuyu. Walisema hata kama mke amezaa na amekaa, kwa mzee yule bado ni mtu wa kuja. Mama aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia la jikoni, akaendelea kukanda chapati, na chapati za siku hizo zilikandwa sana. Baba alimwambia asijali, mzee ni mzee. Maneno ya aina hiyo hayajawahi kumsaidia mtu yeyote.

Alichotaka mama ni kimoja tu, na hakukificha: Kogo ale chakula chake. Mara moja tu, na watu waone.

Cha ajabu ni kwamba kila Jumapili baba alipotoka kwa Kogo baada ya kanisa, alirudi na kibuyu cha mursik. Mama aliamini kwamba kinaletwa kwa mwana na wajukuu, yeye hamo. Baba ndiye aliyekisuuza na kukirudisha. Ila kuna wiki baba alishikwa na homa, kibuyu kikabaki kimesimama kwenye kona ya jikoni, na mama akaona hapo amepata njia ya kumfikia mama mkwe wake. Angemrudishia kibuyu kikiwa safi jinsi ambavyo hajawahi kukiona maishani.

Kuuliza si ujinga, lakini mama hakuuliza mtu. Mwanamke mwenye hoteli, ambaye bwana afya akija anaondoka akimsifu, amuulize nani jinsi ya kuosha chombo? Alichukua maji ya moto na sabuni ya unga, akafunga stilwulu ya kusugulia sufuria kwenye mti, akasugua. Maji yalitoka meusi kama wino. Mama alitikisa kichwa kwa huruma, akasema maskini mama, pengine hana mtu wa kumsaidia kuosha. Akasugua tena mpaka maji yakatoka meupe. Alikianika juani, na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu, akaweka kando yake sukari na majani ya chai, na baba alipopona akavibeba vyote kilimani bila kukichungulia kibuyu ndani.

Aliporudi jioni ile hakuvua hata koti. Alieleza polepole, akiangalia moto. Kogo alikuwa amekifungua kibuyu akakinusa, kama anavyokinusa kila mara, halafu akakipakata kwa muda mrefu. Kibuyu hicho alipewa na mama yake siku alipoolewa. Ule weusi uliomwagika ulikuwa moshi wa senetwet wa miaka yote ya ndoa yake, na ukuta wa kibuyu hunywa kila unachopewa. Sasa kilikuwa kimekunywa sabuni, na hakuna maziwa ambayo yangekaa humo tena.

"Haukuwa uchafu," baba alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya maziwa."

Mama aliweka mwiko chini, akafunika uso kwa aproni. Nilikuwa nimemwona akiungua na mafuta asilie. Siku hiyo alilia mpaka tukaacha kula. Mwisho alisema, "Basi. Huyo mama hatakula kwangu mpaka nizikwe," na kwa vile nilikuwa mtoto niliona amesema kitu cha kweli kabisa, kama habari ya redio.

Jumapili iliyofuata baba alirudi mikono mitupu. Siku ya soko ikaja, Kogo hakushuka. Meza ya dirishani ilifutwa asubuhi kama kawaida, na mama alikuwa akiitazama barabara kila mlango ulipolia. Mimi niliomba Mungu wakati wa kulala, na kwa kuwa sikujua niombe nini hasa, niliomba kibuyu kipya.

Halafu ikawa Jumapili nyingine, mvua ile yetu ya mchana inayokuja na wingu moja na kukaa mpaka jioni. Hoteli ilikuwa imefungwa. Mama alikuwa amewasha jiko nyumbani, amevaa rinda lake kuukuu, anakaanga githeri, na mimi namchambulia dania, baba amepumzika chumba cha pili. Mlango ukabishwa. Alikuwa Kogo, amelowa, mwavuli umefungwa vilevile, kikapu mkononi.

Mama alishtuka mpaka akasahau kusalimia. Mkono wake ulienda moja kwa moja kwenye msumari uliokuwa na funguo. Akasema, "Karibu, mama, tafadhali ngoja kidogo nikafungue hoteli, nikupikie kitu kizuri."

Kogo alimshika mkono. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitumia chote. "Hoteli ya nini? Mimi si abiria. Siku zote mimi nangoja jiko."

Akavuta kigoda, akaketi karibu na moto, akavua gamboti. Kwenye kikapu alitoa kibuyu kipya na fungu la vijiti vya senetwet. Akamwambia mama aketi hapa, si pale, akamwonyesha jinsi ya kuchoma kijiti, lini ukitoe motoni, jinsi ya kukisukuma ndani na kukizungusha ili mkaa usambae kila upande. Mama alikosea, Kogo akamshika mkono juu ya kijiti, wakasugua pamoja. Chumba kilijaa moshi mpaka jirani akaja kuuliza kama tunaungua. Kogo alipoona viganja vya mama vimekuwa vyeusi, alisema, "Hapa sasa usilete sabuni," akacheka peke yake kwa muda, na baada ya hapo tukapata ruhusa ya kucheka sisi wote. Baba alicheka mpaka akatoka nje.

Githeri ikaiva. Mama alipakua. Kogo akafumba macho akaomba, akachukua kijiko, akatafuna bila haraka. Alimeza, akatazama sahani, akasema:

"Chumvi imepungua."

Jamani, nilikasirika. Litein nzima inasifu mkono wa mama yangu, madereva wanatoka Sotik kuja kula kwake, na huyu mzee aliyemfanya alie anakuja kuketi kwenye kigoda chetu na kusema chumvi? Nilifungua mdomo nimjibu. Lakini mama alikuwa tayari amenyanyuka, uso wake unang'aa, sijawahi kuuona vile. Hakumtilia Kogo kwenye sahani. Alitia chumvi kwenye sufuria, akakoroga yote, akatupakulia upya kila mmoja. Kogo alikula, akaongezwa, akala tena, na kati ya tonge na tonge alisema viazi vimekatwa vikubwa na jiko hili linavuta makaa ovyo. Mama aliitika kila neno.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili miguu yake iliporuhusu. Hotelini hakula hata mara moja mpaka alipofariki, na watu wa midomo waliendelea na midomo yao. Nilipofika sekondari nilimuuliza sababu, akanijibu kwa Kipsigis, akishangaa kwamba silioni jambo lenyewe: akilipa, atakuwa mteja wa mke wa mwanawe, asipolipa, atakuwa anakula biashara ya wajukuu wake. Mama alikuwa akimkaribisha kwenye meza yake bora, na yeye alikuwa akingoja kuitwa nyumbani.

Hilo nililielewa mapema. Jambo la chumvi lilinichukua miaka, na nilifundishwa na mama mkwe wangu mwenyewe, huko Siongiroi nilikoolewa. Alikuwa mama mpole kupita kiasi. Nikipika ugali ukaungua, alisema ni mtamu sana, asante sana, mama. Nikipika wali ukawa uji, alisema asante sana, Mungu akubariki. Alinishukuru hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila aliponishukuru nilijiona nimeketi kwenye ncha ya benchi. Hapo nikamkumbuka mama yangu na ule uso wake. Mgeni husifu. Mwenye nyumba ndiye anayesema chumvi haitoshi.

Juzi tu, tukiwa mezani kwake kwa chakula cha jioni, mama mkwe aliisukuma sahani yake kidogo, akanitazama, akasema mboga nimezipika mpaka zimekufa, na kwamba kesho nije jikoni anionyeshe. Mume wangu alisimamisha kijiko, akaanza kunitetea. Nilimkanyaga mguu chini ya meza anyamaze, nisikie yote.