Jana ya Umurerwa iko shambani

Saa mbili asubuhi, kilimani Kingi, Umurerwa anafunga simu yake kwa kitambaa kwenye mmoja wa miti iliyosimikwa ili maharage yaipande. Anavaa koti la inspekta alilolishona mwenyewe, kisha anatazama mawingu. Kesho maharage haya yanavunwa, kwa hiyo leo lazima mwizi akamatwe.

Mkulima huyu wa miaka thelathini na nne, ambaye pia ni fundi cherehani, ana miezi tisa akitengeneza sinema ya upelelezi. Ndani yake mbuzi ameibwa siku ya mavuno, na inspekta anarudi nyuma siku moja kumnasa mwizi kabla hajaiba.

Pesa ya kujenga mashine ya kurudisha wakati hana. Analo shamba la mama mkwe wake. Miti ikiwa mitupu, mtazamaji anajua ni leo. Ikiwa imevikwa maharage, ni jana. Sehemu za leo alizichukua baada ya mavuno yaliyopita, akasubiri msimu mzima ili jana iote.

"Tukivuna mbele ya kumaliza, jana yangu inaisha," anasema. "Nitangoja tena musimu muzima."

Sketi moja humpa faranga elfu tano, na nusu yake huishia kuchaji simu. Hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni Ngabo, dereva wa pikipiki aliyekubali kuwa mwizi.

Mpaka sasa sinema imeonyesha viatu vya mpira vya mwizi tu. Uso wake umewekewa siku ya mwisho. Lakini Ngabo, kwa kujisifu, aliwatumia rafiki zake picha yake akiburuta mbuzi. Picha ilitembea kuliko pikipiki yake. Sokoni wakaanza kusogeza vikapu akipita, na baba wa mchumba wake akamwita kumuuliza yule mbuzi ni wa nani.

Asubuhi hii amekuja kurudisha kofia ya mwizi. Anaomba msamaha kwa unyenyekevu, na ukweli ni kwamba huwezi kumlaumu.

Umurerwa habishani. Anamgeukia mama mkwe wake, Libérata, mwenye shamba, ambaye wiki nzima amekuwa akikumbusha kwamba mvua haingoji sinema na maharage yakiota mitini hayaliki. Anamwomba siku mbili zaidi. Libérata anakataa, kisha ananyoosha mkono.

"Leta ile viatu. Mimi nilisha kuolewa zamani. Nani atanikatalia mutoto yake?"

Ngabo anavua viatu vyake vya mpira na kushika simu. Mwizi anakimbia kati ya miti kwa mwendo wa miaka sabini na moja, anaanguka kweli, anakamatwa akicheka. Wanarudia mara nne.

Umurerwa anapanga kuionyesha sinema kwenye shuka jeupe, Jumapili baada ya ibada, halafu aipeleke hadi Hombo. "Wananiona mukichaa," anasema. "Wakuje waone."

Kesho yake wanavuna mapema, mvua ikiwa bado mbali. Libérata anaruka mstari mmoja, ule wa mwisho, bila kuugusa. Umurerwa anamuuliza kama amesahau.

"Hapana. Kama ulikosea fasi moja ya sinema, uko na jana kidogo."