Safari ya Baba Mdogo Shigela Kurudisha Ufunguo

Baba mdogo Shigela anauza makoti. Mashati hauzi, suruali hauzi, ni makoti tu. Ukimuuliza nani atanunua koti hapa Bariadi, kwenye jua hili, atakuonyesha sungusungu. Wanaume wa ulinzi wa mtaa wanakesha nje, na mtu anayekesha nje mwezi wa saba anahitaji koti. Zamani walikuwa wanajifunga mablanketi, wanafanana na wagonjwa waliotoroka wodini. Lakini tangu biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani zao na mabelo ya mitumba yakaja na malori, sungusungu wetu wanapita na pinde, mishale na makoti ya kike yenye manyoya shingoni. Wezi wamepungua. Sijui wanaogopa mishale au manyoya.

Mimi ni Kija, mtoto wa kaka yake. Niko kidato cha pili na nakaa kwake kwa sababu ya shule, kwa hiyo mambo ya ufunguo niliyaona yote, tangu ulipotoka mfukoni.

Ulitoka kwenye koti la kijivu, belo jipya, tukiwa uani. Baba mdogo ana kawaida ya kupekua mifuko kabla ya kuuza. Amewahi kukuta leso, kitana, hata jino. Safari hii alivuta ufunguo uliofungwa kwenye shaba nzito yenye umbo la samaki. Juu ya samaki pameandikwa namba ishirini na saba, na chini yake: Albergo Sirena, Camogli, Italia. Nikaupeleka parokiani kwa Sista Eufrasia, ambaye amewahi kusoma Roma. Akasema hiyo ni hoteli, na Camogli ni mji mdogo pembeni mwa bahari ya Mediterania. Nyumba zake zimepakwa rangi kama pipi, na watu wake wanaogelea wote, mpaka mabibi.

Mtu mwingine angeutupa. Lakini kwetu ng'ombe wa watu akiingia kwenye zizi lako, unatangaza siku hiyo hiyo. Ukilala naye kimya, wewe ni mwizi. Baba mdogo alivaa shati safi akaenda kutangaza ufunguo kwa Mzee Bujiku, ntemi wa sungusungu, yaani kiongozi wao.

Mzee Bujiku aliita kikao uwanjani baada ya misa. Alikaa kwenye kigoda na koti lake la rangi ya zambarau, lenye vifungo vikubwa kama visosi, alilonunua kwa Baba mdogo.

"Ufunguo wa nani?" aliuliza.

"Wa chumba namba ishirini na saba," Baba mdogo akajibu.

"Mwenyewe anaitwa nani?"

"Hawakuandika."

"Kwa hiyo kuna mtu amekaa nje ya nyumba yake mpaka leo."

Nikaona nisaidie. Nikasema hoteli huwa zina funguo za akiba.

Mzee Bujiku alinigeukia taratibu. "Binti wa shule. Ukibaki na ng'ombe wengine nyumbani, yule aliyepotea anakuwa si wako?"

Nikarudi kukaa.

Mama mdogo Milembe, mke wa Baba mdogo na mama wa mdogo wangu Salu, akasema kutoka upande wa akina mama, "Nguo hizi si zinaitwa kafa Ulaya? Mwenyewe ameshakufa, ntemi. Tumuombee, tuuze makoti."

"Aliyekufa ana warithi," Mzee Bujiku akasema. "Nao wamekaa nje."

Wazee wakaitikia kwa kichwa, wengine wakawasikitikia wale warithi. Kisha ikatoka hukumu. Ufunguo umeingia kwa Shigela, Shigela ataupeleka kwa wenyewe. Na mpaka atakapoondoka nao, asitundike mnadani koti hata moja. "Tukimwachia huyu," alisema ntemi, "kesho mtu atakaa na ndama wa jirani aseme hajapata usafiri."

Hilo halikuwa la kucheka. Nyumba yetu inakula makoti. Belo lilikuwa jipya, baridi ndiyo inaanza, na kamba ya mnadani imekaa tupu kama ya nguo za mtu aliyehama.

Basi tukaanza kupanga safari. Nilileta atlasi ya shule tukaitandaza mkekani. Baba mdogo akapima kwa kiganja kutoka kwetu mpaka Italia.

"Kiganja na vidole viwili," akasema. "Si mbali."

"Baba mdogo, kutoka hapa mpaka Mwanza ni nusu ya ukucha."

Akaangalia ukucha wake. Akaangalia kiganja.

"Na hii ya bluu?"

"Bahari. Maji ya chumvi."

"Chumvi ipi? Hii ya kupikia?"

"Hiyo hiyo."

"Na ng'ombe wanakunywa?"

"Hawanywi."

Alinyanyuka akazunguka uani. Yeye huwa anafunga safari na punda kwenda kuwatafutia ng'ombe wake wachache magadi ya kulamba. "Maji yote hayo yana chumvi tayari," alisema, "na hakuna mtu aliyepeleka hata ndama mmoja kujaribu. Kija, hao watu wanahitaji kutembelewa."

Nadhani siku hiyo ndipo safari iliacha kuwa adhabu.

Kesho yake akaanza mazoezi. Kama Camogli hata mabibi wanaogelea, yeye hakutaka kuwa mgeni anayebaki ukingoni kulinda nguo za wenzake. Alikwenda lambo la kunyweshea mifugo, akajifunga madumu matupu kiunoni, akaingia. Ng'ombe waliacha kunywa. Alipiga maji kwa mikono yote miwili, akaenda mbele kidogo, akageuka mwenyewe bila kupenda, akarudi kinyumenyume mpaka katikati ya ndama.

Mchungaji mmoja akamwita kutoka ukingoni. "Shigela, umepoteza nini humo?"

"Najiandaa na safari."

"Ya wapi?"

"Italia."

Mchungaji akafikiri. "Kwani huko hakuna barabara?"

Nyumbani alifanya mazoezi ya kufika. Mama mdogo Milembe alipewa nafasi ya mwenye hoteli, naye akaikubali bila furaha, huku anapepeta mtama. Baba mdogo akagonga mlango wa jikoni.

"Hodi."

"Nani?"

"Shigela wa Bariadi. Nimeleta ufunguo wenu."

"Uweke hapo, nenda."

"Mama Salu, hata maji sijapewa?"

"Ulisema umeleta ufunguo. Hukusema umekuja kunywa maji."

"Utanifukuzaje na nimetoka mbali hivi?"

Mama mdogo akaweka ungo chini. "Baba Salu, nikuulize. Makoti yanatoka huko kila siku, tena malori kwa malori. Umewahi kuona limekuja na mwenyewe? Watu wanabaki, makoti ndiyo yanakuja. Ukienda wewe, nitaletewa koti."

Baba mdogo akaokota ungo, akamrudishia. Mimi nilitafuta jibu kwenye atlasi, sikuona.

Baridi ikazidi. Sungusungu wapya, ambao hawakuwahi kununua makoti, walirudi na mablanketi yao na makamasi. Safari ilikuwa bado imelala kwenye mkeka, madumu yako tayari, pasipoti haijulikani inaanzia ofisi gani. Ndipo Mama mdogo Milembe alipofunga kanga mbili, akaenda kikaoni, akapiga goti, akasalimia vizuri.

"Ntemi, ng'ombe akiibwa mnafuata nini?"

"Nyayo, mayu," ntemi akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Zikitoka kwetu zikaingia Nkoma?"

"Nkoma wanazipokea. Sisi tunarudi."

"Hamwendi nazo mpaka mwisho?"

"Kila kijiji kinafuata ndani ya mpaka wake. Ndiyo sheria."

"Basi ufunguo huu nao una nyayo. Haukuota uani kwangu. Ulikuja na lori, lori lilipita vijiji vya watu. Kwa nini mume wangu afuate nyayo peke yake mpaka Italia, kama vile vijiji vyote vya katikati vimekufa?"

Uwanja mzima ukanguruma. Mzee Bujiku alishika kifungo cha koti lake, akakizungusha, akakiacha.

"Mayu amesema sheria," akatamka.

Siku ya kuupeleka, ufunguo ulifungwa kwenye ncha ya fimbo, filimbi zikalia, vijana wakaondoka nao mbio kuelekea Nkoma. Watu walipiga makofi. Makoti yakaruhusiwa kurudi kwenye kamba. Baba mdogo peke yake hakupiga makofi. Alisimama na atlasi yangu kwapani mpaka filimbi zikapotea.

Aliuza makoti vizuri, lakini jioni nilimkuta lamboni na madumu yake.

"Baba mdogo, safari si imekwisha?"

"Nimeshajifunza kwenda mbele," akasema. "Niache sasa?"

Habari za ufunguo zikawa zinatufikia. Nkoma waliupokea na kuuweka kikaoni. Shishiyu ulicheleweshwa, maana mtu mmoja alidai ni wake, ikabidi wamsindikize akaujaribu kwenye mlango wake, ukakataa. Ipililo waliuimbia. Baada ya hapo kimya, na mimi nikaanza kuona kwenye mawazo yangu watu wa Misri wanaupokea kwa filimbi.

Alasiri moja filimbi zililia upande wa pili wa mtaa. Wanaume wenye vumbi mpaka kwenye nyusi wakaingia uani kwetu, mbele yao mmoja aitwaye Joakim, na ile fimbo.

"Mwadila," Joakim akatusalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?" Baba mdogo akaitikia.

"Mhola duhu, salama tu. Tumeleta ufunguo."

Baba mdogo akasimama. Mama mdogo Milembe hakusimama.

Joakim akaeleza. Ulikwenda vizuri mpaka karibu na mjini. Mjini wakatafuta sungusungu wa kuupokea, hawakumwona, na watu waliowauliza waliwacheka. Nyayo zisipopokelewa mbele, zinafuatwa nyuma mpaka zilikoanzia. Basi kijiji kimoja kiliupa kingine, kwa njia nyingine, na kila mpaka walihakikisha umetoka. "Nyayo zimeingia hapa," akamaliza, "na hapa hazitoki."

Mzee Bujiku alifika akifunga vifungo. Akaugeuza samaki wa shaba huku na huku. "Ni kweli. Ni wa Shigela. Ataupeleka."

Baba mdogo aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa adhabu nzito. "Nitafanyaje," akasema. "Nyayo ni nyayo." Lakini miguu yake ilikuwa imeshageuka kuelekea yalipo madumu.

"Na makoti, ntemi?" Mama mdogo aliuliza.

Mzee Bujiku akatazama vijana wake, akasikia mmoja anapiga chafya. "Hukumu ilimtaja Shigela. Haikukutaja wewe. Kesho tundika."

Mama mdogo akaingia ndani. Tulimsikia anafungua debe, akatoka na mfuko wa michembe, viazi vyake vilivyokaushwa, akamtupia mumewe mikononi.

"Wape hao watu wa hotelini. Wasije wakasema ulikwenda mikono mitupu."

Baba mdogo alikuwa ameshachukua lile koti la kijivu lililokuja na ufunguo, mkono mmoja umeingia.

"Hilo vua," akasema Mama mdogo.

"Mama Salu, kwenye meli kuna baridi."

"Jifunge blanketi. Mtu aende, mtu arudi. Koti libaki hapa."

Akavua.