Magome Yaliyochemka Mlangoni Petu

Nina stashahada ya usindikaji wa chakula, niliyoisomea kwa fedha yangu mwenyewe, na nimefanya kazi Ureno katika kiwanda cha vizibo vya mvinyo. Nayasema haya mapema kwa sababu niliporudi Kasulu, watu waliamua kwamba nimerudi mganga.

Chanzo kilikuwa sufuria. Kizibo cha asili hutokana na gome la aina fulani ya mwaloni. Hubanduliwa kwa shoka majira ya joto, mti ukabaki hai, kisha gome huachwa nje miezi mingi lipigwe na jua na mvua. Baadaye lazima lichemshwe, lilainike na kunyooka, ndipo likatwe. Nilirudi na magunia ya magome hayo, nikawasha moto uani. Huku kwetu Buha, anayechemsha magome anachemsha dawa. Nani angefikiria jambo jingine?

Jirani akafika na kikombe. "Mwana wanje, mwanangu, nimiminie kidogo. Mgongo huu unaniua."

"Mama, hii si dawa."

"Mkishasoma mnakuwa wachoyo," akasema, akavuta kigoda asubiri ipoe.

Habari ikafika Kibondo, kwa familia ya mchumba wa mdogo wangu wa kike. Wale ni watu wa kanisa; hawaoi nyumba ya mganga. Mshenga wao akapanda basi kuja kuchunguza. Mama yangu akanisihi, "Ifiche hiyo sufuria nyuma ya nyumba, hata leo tu. Utamvunjia mwenzio ndoa."

Nilijua inaweza kuvunjika. Lakini anayeficha amekwisha kukiri. Nikaibeba sufuria ikifuka mvuke, nikaitua mbele ya mlango, mshenga asipate pa kupita bila kuizunguka.

"Mnapika nini, mwanangu?"

"Vizibo, mzee. Karibu, fanya mwenyewe."

Nilimpa ukanda wa gome niliokwisha kuuchemsha na kuukausha, pamoja na bomba la chuma lenye makali. Akataka kutoboa kutoka upande wa nje kwenda ndani. Nikamzuia. Gome lina vitundu vidogo vinavyopita upande huo huo. Ukivifuata, kizibo kitavuja. Nikamgeuzia ukanda ubavuni, atoboe kwa kufuata urefu wa mti ulivyosimama. Akasukuma huku akizungusha, kizibo kikatoka. Nikakisugua, nikakipaka nta, nikakishindilia kwa mashine yangu ya mkono kwenye chupa ya mvinyo wangu wa ndizi. Kisha nikaipindua chupa juu ya suti yake.

Mama alifumba macho. Halikudondoka hata tone.

Mshenga akaipapasa suti, akaitazama sufuria, akanitazama mimi. "Mganga gani huyu asiyedai kuku?"

Mdogo wangu alicheka kutoka ndani, ingawa hakutakiwa kusikia.

"Inafunguliwaje sasa?" mshenga akauliza.

"Haifunguliwi. Wapelekee Kibondo hivyo hivyo, ikiwa imelala, kizibo kiguse mvinyo kisikauke. Nitaifungua mimi, siku ya harusi."

Alipanda basi ameipakata kama mtoto mchanga.

Siku ya harusi niliifungua mbele ya wote walionong'ona juu yangu, tena taratibu, ili kila mmoja aisikie ikilia. Mama bado ananiomba niirudishe sufuria uani. Iko pale pale mlangoni, na anayekuja na kikombe namwambia: hapa tunatengeneza vizibo.